Bi Mwanakhamisi na Somo la Ufidhuli

Mwanamke ninayetaka kumsema hapa aliwafundisha watoto wa mtaa wetu wa Soweto, hapa Mbeya, adabu kwa miaka ishirini na sita, halafu Jumatatu moja akaanza kuwafundisha ufidhuli. Na walivyo wepesi! Adabu ilikuwa inawachukua mwaka mzima kuishika. Ufidhuli waliuelewa kabla ya chai ya jioni.

Anaitwa Bi Mwanakhamisi Bushiri. Kazaliwa Mlandege kule Iringa, kwenye ukoo wa wauza vitambaa ambao babu zao walipanda kutoka Pwani, akaolewa huku Mbeya, akafiwa na mume, akabaki na nyumba yenye uwani mkubwa. Uwani huo ndio chekechea. Anapokea watoto wa msikitini na wa kanisani bila kubagua, na wote anawachapa kwa ulimi uleule, maana fimbo hatumii. Mwili wake mdogo, sauti yake kubwa, na akikuita majina yako yote matatu ujue umekwisha.

Mimi ni Damari, fundi cherehani, jirani yake ukuta kwa ukuta. Mwanangu Anjela alipita mikononi mwake, na hata sasa yuko darasa la pili, akitoka shule anashinda kwake mpaka nifunge kibanda. Kwa hiyo haya nimeyaona, sijasimuliwa. Asiyependa ninavyoyasema aandike ya kwake.

Sifa kubwa ya Bi Mwana ilikuwa kitu alichokiita Kujitaja. Zamani hizo mtoto mmoja wa chekechea yake alipotea soko la Mwanjelwa kutwa nzima. Watu wakimuuliza mama yako nani, anasema Mama. Baba je? Baba. Mnakaa wapi? Nyumbani. Walimkuta jioni kalala juu ya magunia ya viazi, na Bi Mwana akaapa kwamba hatapotea mwingine namna ile. Akatunga maneno. Kila mtoto, kabla hajajua kushika penseli, alitakiwa asimame wima, atoe shikamoo, kisha amwage kwa pumzi moja: jina langu, jina la baba, jina la babu na anakotoka, mtaa wetu, rangi ya geti, kazi ya mama, namba ya simu ya mama. Siku ya mahafali wazazi tulikuwa tunalia. Nilikuwa nalia hata mimi, na mimi si mtu wa kulia hovyo.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia.

Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya mnaijua. Anjela alikuwa kajikunyata sebuleni kwa Bi Mwana na simu yangu ya zamani. Nilimpa mimi, sitaki kuficha, nilimpa ili aninyamazie. Kulikuwa na gemu la kujenga nyumba na kufuga kuku, na wachezaji wanaweza kuongea humo humo. Nilijua anaongea na watoto wenzake. Nani mwingine angekaa kuongea na mtoto wa miaka saba habari za kuku?

Bi Mwana alikuwa jikoni anachambua mchele. Akamsikia Anjela anasimama, yaani anasimama kabisa juu ya zulia kama siku ya mahafali. "Shikamoo! Naitwa Anjela, mtoto wa Ezron, mjukuu wa Mzee Andendekisye Mwaisaka wa Tukuyu. Tunakaa Soweto, geti la kijani, mama yangu ni fundi cherehani, namba yake ya simu ni..." Akaitaja yote, tarakimu kumi. Bi Mwana mwenyewe ananiambia alitabasamu. Alikuwa anapepeta ungo huku anajisifu moyoni kwamba mtoto hajakosea hata pumzi. Ndipo akasikia sauti ya mwanamume mzima ikijibu kutoka kwenye simu: "Marahaba, mtoto mzuri. Na mama huwa anarudi saa ngapi? Nataka nikuletee zawadi, ila usimwambie, tumshtukize."

Mchele wote ukaenda chini. Akaingia sebuleni, akaikwapua simu, akauliza kwa ile sauti yake, "Na wewe mtoto wa nani?"

Mtu kaondoka.

Alinifuata kibandani pekupeku. Aliponieleza nilimfokea mpaka cherehani ikaogopa. "Ni wewe! Nani kamfundisha mtoto kumwaga ukoo mzima kama redio? Si wewe?" Wateja wawili walikuwa wanangoja kupimwa, wakasikia yote. Nilitegemea anijibu, maana hajawahi kuishiwa maneno tangu nimjue. Akasema tu, "Ni mimi, Damari." Hapo ndipo nikaogopa kweli.

Kilichofuata ni ujinga wangu mwenyewe. Kwa hasira nikalifuta lile gemu, na jina la yule mtu likaenda nalo. Tulipofika polisi kwenye dawati la watoto, dada askari alitusikiliza vizuri sana, kisha akauliza, "Humo ndani alikuwa anajiita nani?" Tukatazamana. Akatuambia kwa upole kwamba siku nyingine tusifute, tupige picha kioo kwanza, ndipo tumzuie mtu. Akaandika alichoweza kuandika. Tukarudi nyumbani bila kujua yule mtu yuko Mbeya, Dar, au mwezini, na yeye anajua rangi ya geti langu. Kesho yake nikanunua rangi nikalipaka jekundu. Ezron, mume wangu, ni fundi umeme anayeshinda Makambako wiki nzima. Aliporudi Jumamosi alipita nyumba yake akaenda mpaka kona.

Jumatatu yake Bi Mwana akawapanga watoto uwani, pamoja na wakubwa waliokwishahitimu, ambao aliwaita waje wakitoka shule.

"Ukipotea sokoni," akasema, "ukamwona askari, au mwalimu, au mama mwenye duka, unajitaja kama nilivyokufundisha. Hilo liko palepale. Lakini kwenye simu huna jina. Huna baba, huna babu, huna shule, huna geti."

Mtoto mmoja akanyoosha kidole. "Bibi, na shikamoo?"

"Shikamoo ni ya mtu unayemwona miguu."

Watoto wakaangua kicheko. Akaendelea: anayeuliza ndiye aanze kujitaja. Akitaka picha yako, hana haja nayo, picha zako anazo mama. Akisema usimwambie mama, hapohapo unamwambia mama, hata kama mama yuko chooni anaoga. Na mtoto aliyekwishasema kila kitu kwa bahati mbaya asijifiche, aje aseme, hagombezwi. Hilo la mwisho alilirudia mara tatu, akiwa ananitazama mimi juu ya ukuta.

Kisha likaja zoezi. Alishika kipande cha sabuni ya mche sikioni, akajifanya mtu wa kwenye simu, anabembeleza kwa sauti ya asali, na mtoto amjibu. Anayeropoka anazomewa na wenzake. Anayegoma anapigiwa vigelegele. Jamani, wale watoto! Bingwa wao akawa Nusrat, binti wa Abdulkarim muuza mabati, miaka mitano, meno ya mbele hana. Alishika kiuno akasema, "Wewe nani? Mama yako anajua umeshika simu?" Bi Mwana alicheka mpaka sabuni ikamdondoka.

Ndani ya wiki mbili mtaa ukawaka. Shangazi wa watu alipiga kutoka Iringa kusalimia, akaulizwa kama mama yake anajua ameshika simu. Katekista Liberatus aliambiwa shikamoo atapewa miguu yake ikionekana. Abdulkarim alipiga nyumbani kwake kutoka dukani, mwanawe akagoma hata kumwita mama. "Kama kweli wewe ni baba, njoo," akaambiwa. Akafunga duka mchana kweupe, akaenda.

Lakini aliyeyachafua mambo zaidi ni baba mkwe wangu, Mzee Andendekisye mwenyewe. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hajibizani naye. Siku hizi tumelegeza, ila si sana, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu ni adhabu. Habari za yule mtu wa kwenye gemu tulimficha kwa sababu ya presha yake. Basi Jumapili akapiga, Anjela akapokea.

"Ugonile, mjukuu wangu!"

"Wewe nani?"

"Mimi babu yako!"

"Hivyo kila mtu anaweza kusema. Wewe ndiye umepiga, jitaje wewe. Baba yako nani?"

Mzee akakata. Baadaye akampigia Ezron kwamba Ijumaa anakuja Mbeya, na huyo mwalimu aitishiwe kikao cha wazazi wote Jumamosi. Mimi nikajua chekechea imekwisha. Wazazi walikuwa wamekwishaanza kunong'ona kuwahamisha watoto, walichokuwa wanangoja ni mzee mmoja wa kuwatangulia, na sasa amepatikana. Chekechea ikifungwa, watoto watabaki na lile la zamani kichwani, la kumwagia kila sauti kila kitu.

Jumatatu jioni Bi Mwana akaniita ukutani. "Nipe namba ya mkweo."

"Ya nini?"

"We nipe tu."

Mkamwana mwema asingetoa. Mimi nilitoa, tena nikashauri apigiwe asubuhi akishapata chai, ndipo anapokuwa mtamu.

Jumamosi saa nne uwani ulijaa. Viti vya plastiki havikutosha, wengine wakakaa kwenye ndoo. Mzee Andendekisye alikuja na koti lake la kanisani na mkungu wa ndizi, maana hata akija kugombana haji mikono mitupu. Mimi nilikaa nyuma, macho chini.

"Nina miaka sabini na minne," akaanza. "Nimezika wazazi, nimezika mke, nimesomesha watoto sita. Leo kitoto cha darasa la pili kinaniuliza mimi baba yangu ni nani! Mimi!"

Wazazi wakaguna. Abdulkarim akadakia, "Bi Mkubwa, tulikuletea watoto wenye haya, umeturudishia wapiga debe."

Bi Mwana alimwacha kila mtu atapike lake. Kisha akamgeukia mzee. "Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nikuulize. Wewe akikupigia mtu usiyemjua, utamweleza mambo ya nyumbani kwako?"

"Mimi? Mimi mtu mzima nina akili zangu!"

"Basi nina kitu nataka usikilize. Twende ndani wawili, au hapa?"

"Hapahapa!" mzee akasema, kifua mbele. "Mimi sina siri."

Bi Mwana akabonyeza simu yake, yakaanza maongezi yaliyorekodiwa. Ikatoka sauti ya msichana, laini, yenye heshima zote. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu!" Ilikuwa sauti ya mzee, imeshiba chai. "Habari za huko?"

"Njema baba. Siku nyingi."

"Ee, siku nyingi kweli! Watoto wazima?"

"Wazima baba."

Jina hakuuliza. Angeuliza vipi? Mtu kakuita baba, nawe umemwita mwanangu, ukimuuliza wewe nani si umemwambia umemsahau? Kwetu hiyo ni aibu, na mzee hakutaka kumwaibisha mtoto wa watu. Kwa hiyo akaendelea.

"Baba upo nyumbani wiki hii?"

"Nipo mpaka Alhamisi. Ijumaa naenda Mbeya kumvuta mwalimu mmoja masikio."

Watu wakaanza kucheka. Mzee alikuwa kaganda.

"Na nyumba inabaki na nani?"

"Na mbwa. Habweki, kazeeka, ila wezi hawajui."

"Na ufunguo baba?"

"Si kwenye lile buti bovu la mvua pale mlangoni! Ukipita ingia tu upike chai."

"Haya baba. Na mkamwana wako wa Soweto hajambo?"

"Yule? Mpishi mzuri. Ila mdomo wake na cherehani yake, sijui kipi huwa kinatangulia kuzima. Ndaga fijo kwa kunikumbuka, mwanangu."

Uwani ulilipuka. Abdulkarim aliteleza kwenye ndoo yake. Mimi nilikuwa natazama chini kama mila inavyotaka, masikio yananiwaka moto, na bado nikacheka.

Mzee akasimama. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Huyu binti ni nani?"

"Mpwa wangu Ruwaida, anakaa Mlandege. Hujawahi kumwona. Na buti lako liko salama, maana Tukuyu penyewe hapajui."

Kicheko kikaja tena, lakini Bi Mwana hakucheka. Alisubiri mpaka kikaisha chote.

"Mzee hakukosea," akasema. "Alikuwa na adabu, basi. Adabu hiyohiyo ndiyo niliyowafundisha watoto wenu. Na mwezi uliopita mjukuu wako, mzee wangu, alisimama sebuleni kwangu akampa mwanamume tusiyemjua jina lake, jina lako, geti lao na namba ya mama yake. Kilichobaki ilikuwa saa ambayo mama hayupo, na hiyo alikwishaulizwa. Maneno yale nilitunga mimi. Miaka ishirini na sita nimepigiwa makofi kwa ajili yake." Akawageukia wazazi. "Naombeni mnisamehe. Na mniache niwaharibu watoto wenu mpaka nimalize."

Mzee akageuka polepole akanitafuta mpaka akanipata. Miaka tisa nimeolewa kwao, alikuwa hajawahi kuniita kwa jina.

"Damari. Ni kweli?"

Nikainua macho nikamtazama usoni. "Ni kweli, baba."

Akakaa. Alitoa leso akafuta uso wote, na mimi nikalia waziwazi mbele ya wateja wangu.

Baada ya hapo kikao kikawa kikao. Tukampigia Ruwaida, tukaweka sauti ya juu, akatuelekeza jinsi ya kufunga maongezi kwenye magemu na kumwachia mtoto marafiki tunaowajua tu. Tukakubaliana simu ya mtoto ichezewe sebuleni, bila visikilizio masikioni, na mtoto akipokea simu yoyote aweke sauti kubwa ili mkubwa asikie. Abdulkarim akakumbuka kwamba ameweka mtandaoni picha ya Nusrat na sare, jina la shule linasomeka kifuani. Aliifuta palepale, jasho linamtoka na baridi yote ile.

Mzee ndiye alikuwa na swali la mwisho. "Sawa, nimeelewa. Lakini mimi babu halisi nitajulikanaje?"

"Kaelewaneni na mjukuu wako," Bi Mwana akamjibu. "Kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukijua."

Wakaenda wawili nyuma ya tangi la maji. Walikaa huko muda mrefu, tukawa tunasikia wanacheka. Babu na mjukuu wana utani wao, sikuuliza.

Wiki tatu zilipita. Siku hiyo, saa tisa alasiri, nilikuwa uwani kwa Bi Mwana nampima gauni, pini nimezibana mdomoni, watoto wawili watatu wanacheza kombolela. Simu yangu ikaita, namba ngeni. Nikamwonyesha Anjela kwa kichwa apokee. Akapokea, akaweka sauti kubwa.

"Mjukuu wangu Anjela! Hujambo? Mimi babu yako, Mzee Andendekisye wa Tukuyu. Nimebadilisha namba."

Ilikuwa sauti ya kizee, na kikohozi kidogo juu yake. Mimi nilivyo mjinga nikaanza kupiga goti. Bi Mwana akanishika bega, kidole mdomoni.

Anjela akauliza, "Babu, ng'ombe wangu utanipa lini?"

Sauti ikasita, kisha ikacheka. "Ng'ombe? Leo hii mjukuu wangu! Yule mkubwa kabisa! Nimemtuma mtu, yuko hapo nje ya geti lenu na zawadi nyingine. Toka umfuate, usimsumbue mama."

Anjela akaifunika simu kwa kiganja. Akanitazama, hana hata wasiwasi.

"Mama, huyu si babu. Babu huwa anasema mpaka niote ndevu. Babu ni mchoyo."

Bi Mwana alimvuta kifuani, akamkumbatia na gauni langu lenye pini, mkono mmoja umeshika simu yake anatafuta namba ya yule dada askari. Mimi nikawaita watoto wote waingie ndani, nikaenda kufunga geti.